Hereni za Mama

Stesheni yetu garimoshi husimama mara moja kwa wiki
na halimshushi mtu.
Hushusha mitungi ya gesi, magunia ya unga,
na mara mojamoja barua ya serikali inayouliza
tumebaki wangapi.
Tumebaki arobaini na mmoja, pamoja na Don Hilarión
ambaye hahesabiki vizuri:
hulala ng'ambo ya mpaka kwa binti yake
na kula upande huu.

Volkano iko mashariki. Nusu yake ni yetu.
Ndivyo isemavyo ramani, na ramani haijawahi kupanda.
Baba alipanda.
Alfajiri, maji ya ndooni yakiwa bado jiwe,
shavuni tonge la majani ya koka,
miguuni viatu vya matairi,
alipanda hadi pale pumzi inapouzwa rejareja,
akapiga sururu, akang'oa kiberiti
cha manjano, cha kuwasha macho,
akakitia katika ndoo zinazoning'inia kwenye waya
zishuke zikiyumba hadi tanurini.

Tanuri lilikula yareta.
Usiniulize ni mti gani; si mti.
Ni takia la kijani lililokandwa na baridi likawa gumu,
likua kwa mwaka unene wa ukucha.
Takia la miaka elfu
liliyeyusha kiberiti cha adhuhuri moja.
Mjomba Nicasio aliyapasua kwa nyundo na kabari,
akayahesabu kwa magunia.
Angeyahesabu kwa miaka
mkono usingeinuka.

Mama alikuwa na hereni za fedha, za bibi yake.
Moshi uliingia hadi ndani ya sanduku.
Kila Jumapili alizisugua kwa majivu,
zikang'aa mpaka Jumanne,
Jumatano nyeusi tii.
"Ziacheni," alisema, "zikiwa nyeusi
najua mshahara unakuja."

Halafu ule mwaka wa fununu za vita.
Wanajeshi walikuja na sepetu mpya,
nao wakachimba.
Ila wao hawakutoa kitu. Walitia:
vitu vya duara, mfano wa mikate,
wakafukia, wakasawazisha mchanga kwa viganja
kama watu wanaotandika kitanda,
wakachora ramani, wakaondoka nayo.
Lama wetu mweupe alifuata nyasi.
Tulisikia mlima ukikohoa,
mara moja tu.
Tangu hapo njia ya sokoni ni ndefu kwa saa tatu,
kwa kuzunguka ziwa la chumvi
ambako heroe husimama kwa mguu mmoja
na hakuna anayewauliza uraia.

Mgodi haukulipuka, haukuporomoka.
Mahali fulani mbali, penye bahari na mabomba,
watu waligundua kiberiti humo humo ndani ya petroli,
kinatoka chenyewe, hakihitaji mapafu ya mtu.
Karani alifunga daftari,
akachomeka kalamu mfukoni,
akaomba kiti cha dirishani.

Ndoo ziko bado kwenye waya.
Upepo ukizigonganisha, mgeni husema: kengele!
akapiga picha. Hatumsahihishi.

Wiki ile ya kwanza hereni zilibaki nyeupe.
Na ya pili.
Mama alizitazama kiganjani
kama mtu anayetazama simu isiyolia.
Mwezi wa tatu alizifunga katika kitambaa,
hakuzivaa tena.

Ninazivaa mimi.
Mwaka jana nilipanda, polepole, na magoti yangu haya.
Pembeni mwa njia, palipokuwa na kisiki,
nimeona yareta changa, upana wa kisahani cha chai.
Nikaipita kwa mbali nisiikanyage.
Juu, kwenye mdomo wa zamani, upo ufa ungali unapumua.
Nilikaa hapo, nikala mkate,
ubavu wangu wa kushoto ukielekea mlima.

Niliporudi nilijitazama katika kioo cha stesheni.
Hereni ya kushoto ilikuwa imeanza kuiva weusi.
Ilikuwa Jumapili.
Sikuisugua.